Anza kwa kuomba mbuzi: namna nilivyojuana na majirani zangu Majengo

Kabla ya kuhamia Majengo, hapa Mombasa, nilikaa miaka miwili kwenye ghorofa moja kule Mikindani, na sikuwahi kulijua jina la mtu wa mlango wa pili. Mara moja nililala siku mbili na homa, mwanangu wa miaka minne akila biskuti tu, na hakuna aliyegonga. Siwalaumu, kwani hata mimi sikuwahi kuwabishia hodi. Nilipopata chumba katika nyumba hii ya Kiswahili, vyumba sita, koridoo moja, bomba na choo uani, niliapa kwamba hayo hayatanipata tena.

Wengi watakwambia upeleke zawadi. Mimi nasema anza kwa kuomba. Ukimpelekea sinia ya pilau mtu asiyekujua, umemtwika deni. Ukimwomba kitu kidogo, umempa nafasi ya kukukaribisha. Siku yangu ya tatu nilikuwa na nazi mbili na sina mbuzi ya kukunia. Nikaenda chumba cha kwanza, kwa bibi mmoja rika la mamangu.

"Shikamoo, mama. Naomba mbuzi, nitairudisha sasa hivi."

"Marahaba mwanangu. Wapika nini?"

Nikamwambia maharagwe. Akatoka na mbuzi mwenyewe, akakaa uani, akanikunia nazi zote mbili huku akinionya kwamba tui la kwanza liwekwe kando, litiwe mwisho, lisije likakatika. Tulipomaliza kuchuja nilishajua nani analala mchana kwa sababu ya zamu za usiku bandarini, nani ana mgonjwa ndani, na choo huoshwa na nani siku gani. Mbuzi niliirudisha kabla ya magharibi, imeoshwa, na ndimu nne juu yake.

Hodi yenyewe ina adabu zake. Mchana mlango wa nyumba huwa wazi, pazia tu limeshushwa, nawe simama pembeni usichungulie. Bisha mara tatu. Usipojibiwa, ondoka bila kinyongo. Wakati mzuri ni baada ya sala ya alasiri, kama saa kumi na nusu, watu wameamka na jua limepoa. Adhana ya magharibi isikukute mlangoni kwa mtu. Wenye watoto waite kwa jina la mtoto, Mama Fulani, Baba Fulani, kwa hiyo jina la kwanza la kujifunza ni la yule mtoto anayecheza koridoo.

Sahani ikiletwa kwako, isirudi tupu. Huna kitu? Tia ndizi, tia sukari kidogo. Mimi si Mwislamu, na wengi humu ni Waislamu, kwa hiyo mwanzoni nilipeleka matunda na mahamri tu, na nyama nikaanza kuipika ya bucha ile ile wanayonunua wao, nikawaambia hivyo waziwazi. Ramadhani ya kwanza niliunga mbaazi za nazi, nikazifunika kawa, nikazipeleka kabla ya kufuturu. Jioni ile niliporudi kutoka uani nilikuta sahani tano mezani kwangu.

Halafu kuna maji. Maji ya Mombasa hutoka mbali, Mzima, Marere, Baricho, na huku kwetu hayaji kila siku. Yakija saa tisa za usiku, usijaze mitungi yako yote kimya kimya. Jaza mmoja, kisha gonga milango. Nimeona watu waliosemeshana vizuri mwaka mzima wakakosana kwa usiku mmoja wa bomba.

Kukiwa na harusi usingoje kadi. Nenda usiku wa kuamkia karamu, chukua kisu chako, keti na wanawake wanaomenya vitunguu na kuchagua mchele. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe la hapa ni kile kisu. Kwenye msiba, wahi zaidi. Waislamu huzika upesi, mara nyingi siku hiyo hiyo, na ukisema utakwenda Jumamosi utakuta mkeka umekunjwa. Peleka sukari, sema poleni, kaa. Hata kama marehemu hukumjua.

Wanaume wana baraza. Anayepita ndiye anayetoa salamu kwa waliokaa, siku kadhaa mfululizo, mpaka waseme "karibu". Muuza kahawa akipita na dele lake, lipia na kikombe cha aliye kando yako.

Na aliye ghorofani, Nyali au Bamburi, asiye na baraza wala uani? Mlinzi wa getini anawajua wote. Salimiana naye kila siku. Kisha panda ngazi, gonga mlango wa pili, uombe kitu. Chumvi yatosha.