Namna ya kubishana bima ya afya na mtu wa chama kingine na mkabaki ndugu

Wanyalukolo na ndugu zangu wa Mbeya kamwene, hii mada ya bima ya afya kwa wote inatugombanisha kupita kiasi, kijiweni, kwenye hiace za Tukuyu, kilabuni kwenye ulanzi, na kwenye magrupu ya ukoo ndo usiseme, na mara nyingi watu wanarushiana maneno nusu saa nzima bima yenyewe haijaguswa, ni CCM hivi Chadema vile basi. Mi naona hili jambo ni kubwa mno kuliachia ushabiki, mgonjwa akifika dirishani anaulizwa kadi ya bima au cash, kadi ya chama hakuna mtu anaitaka pale. Kwa hiyo nawapa namna ya kulibishania vizuri, na wala sisemi muache kubishana, maana ukimya ndo unatuletea sheria ambazo tunakuja kuzisoma zikishapita.

Anza na grup la ukoo kabla hujaitaja serikali. Fungua simu, panda juu kidogo utakuta ile orodha, kila ukoo inayo:

"Habari ndugu, mama mdogo bado yupo Rufaa, anatakiwa kufanyiwa operesheni, tujiorodheshe
1. Baba mkubwa 50,000 imeingia
2. Shangazi Tunduma 20,000 ahadi
3. Mama Neema 10,000
4. Kaka wa Mafinga, nitatuma tarehe 25
5."

Namba tano inakaa wazi siku mbili, watu wanapita kimya, kila mtu kasoma. Sasa muonyeshe huyo mjomba unayebishana naye halafu mwambie mjomba hii ni bima tayari, ila hii inachangishwa mtu akishalala kitandani, na kiwango kinategemea nani kaamka na salio. Hapo mnakuwa mmeshakubaliana jambo moja bila chama chochote kutajwa, kwamba kuchangiana kupo na kutaendelea kuwepo, kinachobaki ni kuulizana tuchangiane kwa utaratibu gani na nani atunze pesa. Jumlisheni na michango ya mwaka mzima kama mnaweza, hiyo hesabu inanyamazisha watu kuliko hotuba yoyote.

Baada ya hapo ligawe swali, na hapa ndo naomba mtulie. Watu wakisema "serikali ifanye" au "serikali ikae pembeni" wanachanganya vitu vinne tofauti. Nani analipa. Nani anamiliki hospitali na kuajiri. Nani analazimishwa kujiunga. Nani anasimamia bei na ubora. Unaweza kutaka serikali nyingi kwenye kimoja na kidogo kwenye kingine, hakuna ubaya, na sisi wa nyanda za juu tunalijua hilo kwa macho. Angalia Tosamaganga, hospitali ya Kanisa Katoliki na kwa miaka mingi ndo ilikuwa hospitali teule ya wilaya ya Iringa vijijini. Nenda Ilembula kule Njombe, ya Walutheri. Igogwe pale Rungwe, ya Wakatoliki. Hospitali teule maana yake kanisa lina majengo na uongozi, serikali inaleta watumishi na ruzuku, na mgonjwa naye anachangia. Sasa hiyo ni ya serikali au binafsi? Mtu anayesema vya serikali vyote vimeoza, na yule anayesema binafsi wote ni wafanyabiashara wa roho za watu, wote wawili wametibiwa sehemu ambayo haiingii kwenye maneno yao. Kwa hiyo akisema "serikali haiwezi" muulize kwa upole, haiwezi kipi kati ya hivyo vinne? Atafikiri. Na wewe ukiulizwa hivyo fikiri pia.

Kingine, jueni historia, kwa sababu inapunguza kiburi pande zote. Baada ya Azimio la Arusha 1967 matibabu yalikuwa bure, halafu 1977 ikatoka sheria ya kuzuia hospitali binafsi za kutafuta faida, za dini zikaendelea. 1991 binafsi wakaruhusiwa tena. 1993 ikaja kuchangia gharama. CHF, mfuko wa afya ya jamii, ikaanza kwa majaribio Igunga 1996, NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ikaundwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kazi 2001. Chama kilichotawala muda wote huo ni kimoja, TANU iliyokuja kuungana na ASP 1977 kuwa CCM, kile kile kilichofunga ndo kikafungua, kile kile kilichotoa bure ndo kikaleta dirisha la malipo. Kwa hiyo mwana CCM hawezi kusema msimamo wa chama chake kuhusu kazi ya serikali ni mmoja toka enzi, na mpinzani naye hawezi kusema hao watu ni wajamaa tu au ni mabepari tu. Nchi ilikuwa inatafuta njia kutokana na hali ya uchumi ya kila wakati. Ukiliweka hivyo, mzee wa CCM hajisikii kutukanwa na kijana wa Chadema hajisikii kufundishwa uzalendo.

Na muswada wenyewe wa bima ya afya kwa wote nao usiusimulie kama mechi ya Simba na Yanga. Uliingia bungeni 2022, kelele zikawa nyingi, ukaahirishwa, ukaja kupitishwa Novemba 2023, na lile bunge lilikuwa karibu lote CCM, spika akiwa mbunge wa hapa hapa Mbeya mjini, Dkt. Tulia. Swali kubwa lililouchelewesha lilikuwa pesa za wasio na uwezo zitatoka wapi, na wabunge wa chama tawala wenyewe waliliuliza. Wakati huo huo ACT-Wazalendo walikuwa na hoja yao kwamba bima ya afya iunganishwe na hifadhi ya jamii. Hiyo ni hoja, inajibiwa kwa hoja, haijibiwi kwa "wapinzani kazi yao kupinga". Sheria ilivyotoka ikataja vyanzo vya kuwalipia maskini kama kodi za vinywaji vyenye gesi, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Mkitaka ubishi wenye maana bishaneni hapo, hivyo vyanzo vinatosha? vinafika kwenye huo mfuko au vinaishia njiani?

Kwenye namba muwe waangalifu sana. Utasikia mtu anasema laki tatu na arobaini kama vile imeandikwa kwenye sheria, ile 340,000 kwa kaya ya watu sita na 84,000 kwa mtu mmoja ni viwango vilivyotajwa 2022 wakati wa mjadala. CHF iliyoboreshwa ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita, hiyo wengi mnaikumbuka, na mnakumbuka pia malalamiko yake, unafika na kadi unaambiwa dawa hii hakuna kanunue nje. Mtu akitaja namba muulize ya mwaka gani, ya mfuko upi, inalipia nini. Bila hayo matatu msiendelee.

Sasa kwenye neno "lazima" ndo moto unawaka, na mi nina upande wangu hapa nausema wazi, naunga mkono lazima, ila kwa masharti. Sababu ni hii. Mfuko wa hiari unajaa wagonjwa, mzima anasema nitajiunga nikiumwa, mgonjwa anajiunga leo kesho yuko wodini, mfuko unakauka. Toto Afya Kadi, bima ya watoto ya NHIF, ilikuwa 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, 2023 ikasitishwa kwa utaratibu ule wa mzazi kwenda kumkatia mtoto mmoja mmoja, na maelezo ya mfuko yalikuwa hayo hayo, wazazi wanaleta watoto ambao tayari ni wagonjwa. Wazazi waliumia kwelikweli na walikuwa na haki ya kuumia. Anayepinga lazima mkumbushe kwamba mwalimu na nesi wanakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza 3, kwa hiyo lazima ipo miaka yote, ilikuwa kwa watumishi wa umma. Ila msikilize na yeye, maana ana hoja nzito, mkulima wa kahawa Mbozi anashika pesa msimu ukifika, ukimdai mwezi ambao ndani hamna hata ya mbolea unamfanya mkosaji wa sheria bure. Na ule mpango wa kwenye muswada wa kufungamanisha bima na vitu kama leseni ya udereva uliwatisha bodaboda wengi. Hapo swali zuri ni tulipe lini na kwa awamu ngapi, na hilo mnaweza kukubaliana hata kama kura zenu haziendi sanduku moja.

Lazima atatokea mtu wa kuleta Marekani, "hata wao Obamacare imewashinda". Mwambie ilivyo. Obamacare ni sheria ya bima ya afya ya Rais Obama wa chama cha Democratic, ilisainiwa Machi 2010, kwenye Baraza la Wawakilishi ilipita 219 kwa 212 na hakuna mbunge wa Republican, chama pinzani, hata mmoja aliyeiunga mkono. Ila wazo lenyewe la kulazimisha kila mtu awe na bima lilishafanyika Massachusetts 2006 chini ya gavana wa Republican, Mitt Romney. Wazo lilikuwa zuri likiwa kwao, likawa baya lilipobebwa na Obama. 2017 wakajaribu kuifuta, ikakwama Seneti, kura ya John McCain, Republican mwenzao, ikiwa mojawapo ya zilizoikwamisha. Faini ya kutokuwa na bima ikashushwa hadi sifuri kuanzia 2019, sheria yenyewe ikabaki. Kwa hiyo haikuwashinda, waliipunguza makali. Na kule wengi walishakuwa na bima kupitia kazini, huku wengi wetu tunajiajiri shambani na sokoni, Mwanjelwa nzima pale nani ana mwajiri? Ukitaka kujifunza kwao chukua hilo la wazo kubadilishwa jina kwa sababu ya aliyelibeba, mengine hayafanani na sisi.

Lugha nayo. Ukianza na "nyie CCM" au "nyie Chadema" umeshapoteza. Kwa mkubwa anza na shikamoo na umuulize kwanza alivyoona enzi zake, hospitali ilikuwaje, dawa zilikuwepo? Mara nyingi atakwambia mwenyewe yaliyokuwa mabaya, kitu ambacho ungekisema wewe angekasirika. Kwa mdogo wako usitumie umri kumnyamazisha. Msibani acheni kabisa, hasa kama marehemu alikwama kwa ajili ya pesa, wafiwa wanasikia kila neno. Na usijibu voice note ya dakika sita kwa voice note nyingine ya dakika sita, mpigie.

Mkishamaliza, chagueni swali moja ambalo nyote wawili mnataka jibu lake mlipeleke pamoja, na hiyo pamoja ndo silaha. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa ufanyike kila miezi mitatu. Zahanati ina kamati yake ya usimamizi yenye wananchi ndani, na pesa siku hizi zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Simama we na yule wa chama kingine, muulize kwa mdomo mmoja, robo hii kituo kimepokea shilingi ngapi, dawa zimenunuliwa za kiasi gani, zipi zimeisha na zimeisha lini. Muombe yaandikwe kwenye muhtasari. Mwenyekiti anajua kumjibu mpinzani peke yake na anajua kumtuliza mwana CCM peke yake, wakisimama wawili na swali moja itabidi daftari lifunguliwe.