Kumtafuta Babu Mombasa: Ulizia Mlango Kabla ya Jina

Wengi wetu tuliolelewa Uingereza, Kanada au nchi za Ghuba huanza kumtafuta babu kwa kuliandika jina lake kwenye intaneti, na hapo ndipo tunapopotea. Jina kama Omari bin Said halimtenganishi mtu na mwingine Mombasa, kwa kuwa mjukuu hupewa jina la babu yake, na majina hayohayo huzunguka katika ukoo kizazi baada ya kizazi. Wazee wa Mji wa Kale watakuuliza kwanza babu yako alikuwa wa mlango gani, yaani tawi gani la ukoo, alikaa mtaa gani na alisali msikiti gani. Ikiwa ni Mswahili wa Thenashara Taifa, yaani makundi kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, wataka kujua pia kama ni wa Tatu Taifa, ambao ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, au wa Tisa Taifa, yaani makundi tisa yaliyobaki.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi, mpigie simu jamaa mwenye umri mkubwa kuliko wote uliobaki nao, umuulize lakabu za watu, majirani, na nani alimuozesha nani. Picha za zamani nazo zigeuzwe nyuma. Nyuma ya picha ya harusi ya nyanya yangu palikuwa na mstari mmoja wa herufi za Kiarabu ambao sisi watoto tulidhani ni dua, mpaka mzee mmoja wa Kibokoni alipousoma papo hapo: ulikuwa Kiswahili, umetaja jina la mama yake nyanya na mtaa wa Kuze. Tulikuwa tumeiweka anwani hiyo ukutani miaka yote bila kujua.

Kwa familia za Kiislamu, karatasi zenye manufaa zaidi, kwa maoni yangu, ni zile za mirathi katika Mahakama ya Kadhi, kwa sababu cheti cha ndoa hutaja watu wachache, ilhali jalada la mirathi hulazimika kuwataja warithi wote, hata binti aliyeolewa Unguja na ndugu ambaye hakurudi tena. Ikiwa nyumba ya ukoo iliwekwa wakfu, ulizia Tume ya Wakf, na kama palikuwa na kiwanja, ofisi ya ardhi, kwani sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka wenye ardhi wa Pwani wajitokeze kuthibitisha madai yao. Wenye asili ya Frere Town, makao ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana miaka ya 1870, waanze na daftari za ubatizo. Baadhi ya wahenga wao walilelewa na wamishonari Nasik, India, wakabatizwa kwa majina ya Kizungu, na ndiyo maana baadhi ya majina yao ya ukoo ni ya Kizungu. Tafuta kila jina kwa tahajia kadhaa, kwa maana makarani wa kikoloni waliandika walivyosikia.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa ni namna ya kubisha hodi. Mgeni kutoka ng'ambo anayeuliza habari za nyumba na warithi hudhaniwa amekuja kudai fungu lake, na watu hunyamaza. Nenda na mtu wa mtaa anayejulikana, ikiwezekana baada ya sala ya alasiri, waamkie wazee, ujieleze kwa kutaja nasaba yako mwenyewe kwanza, kisha useme wazi kwamba hutafuti mali. Mzee akikwepa swali kuhusu asili ya mtu, usimbane. Huenda habari ya utumwa imesitiriwa kwa heshima ya walio hai. Na anayejitokeza mtandaoni akidai ni binamu huku akiomba fedha, muulize kwanza lakabu ya babu.

Omba ruhusa kabla ya kumrekodi mzee. Ukimaliza, msomee yote uliyoandika naye akusahihishe, kwani mara nyingi ni wakati huo anapokumbuka shangazi aliyeolewa Lamu.