Kusoma thou, thee, ye na you: kwanza jua ni mmoja au ni wengi

Siku moja niliongoza somo la Luka 22 nikiwa na Biblia ya Kiingereza cha leo. Nikaeleza kwamba Shetani alimtaka Petro. Bibi aliyeketi mbele akaweka kidole kwenye Biblia yake ya Kiswahili: "Mwanangu, kwangu hapa pameandikwa amewataka ninyi." Alikuwa sahihi. You ya leo, ambayo ni wewe na pia ni ninyi, ilinifichia mitume wote. Tangu hapo nafungua tafsiri ya Kiingereza cha kale ya mwaka 1611, ile ya King James, penseli mkononi, na wenzangu nawafundisha hivi.

Tazama herufi za mwanzo. Thou, thee, thy na thine: anayeambiwa ni mmoja, andika 1 juu yake. Ye, you na your: ni wengi, andika W. Pale kwenye Luka, Shetani anawataka you. Aliyeombewa na Yesu ni thee, Petro mwenyewe.

Kisha tenga mtenda na mtendwa. Hapa Kiswahili chako kinakubeba. Thou ni u- ya umekuja, thee ni -ku- ya nimekuona. Ye ni m- ya mmekuja, you ni -wa- ya nimewaona. Jaribu Yohana 3:7: "I said unto thee, Ye must be born again." Nilikuambia, hamna budi. Nikodemo yuko peke yake na Yesu usiku ule, lakini neno linawahusu wengi. Ukisita, angalia kitenzi: thou hufuatwa na art, hast, shalt, au kitenzi kinachoishia -est.

Usitafute heshima ndani ya Biblia hiyo. Wengi hudhani thou ni neno la kumtukuza Mungu, kumbe hata nyoka wa Edeni anaambiwa thou. Heshima itafute kwenye tamthilia na kesi za zamani. Tangu karne ya 13, kwa kufuata Kifaransa, Waingereza walianza kumwita mkubwa mmoja kwa wingi. Ndugu zetu wa Bujumbura na Lubumbashi wanaojua tu na vous za Kifaransa wataelewa mara moja. Thou ikabaki ya mtoto, mtumishi, mpenzi na adui. Mwaka 1603, huko Winchester, mwendesha mashtaka Edward Coke alimfokea mshtakiwa Walter Raleigh: "I thou thee, thou traitor!" Kaigeuza thou kuwa kitenzi ili kumshusha mbele ya watu. Kwa hiyo msemaji akihama kutoka you kwenda thou, simama hapo usome tena: kuna hasira, au kuna mapenzi.

Karne ya 17 thou ikafifia mazungumzoni. Marafiki (Quakers), dhehebu ambalo baadaye lilifungua misheni Kaimosi, Kenya, mwaka 1902, waliing'ang'ania na kumwambia kila mtu thou, hata hakimu.

Jihadhari na ye ya vibao vya "Ye Olde". Hiyo haimwiti mtu. Ni the tu, iliyoandikwa kwa y badala ya herufi ya kale þ, iliyosomwa th.