Kabla ya Kuingia Kaya: Mambo ya Kuzingatia Ukizuru Misitu Mitakatifu ya Wamijikenda

Amua kwanza unakwenda kaya gani, kwa sababu makaya hayalingani. Kaya hapa ni msitu mtakatifu uliokuwa na mji ndani yake. Misitu hii imetawanyika pwani ya Kenya, katika kaunti za Kwale na Kilifi, na kila watu miongoni mwa Wamijikenda tisa wana yao: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wachonyi, Wakambe, Waribe, Wajibana na Wakauma. Mapokeo yao yanasema walishuka kutoka Shungwaya, upande wa kaskazini, wakajenga miji yao ndani ya misitu ili wajilinde na maadui. Kufikia miaka ya 1940 watu walikuwa wamehama wakaenda kulima na kuishi nje, ila makaburi yalibaki humo, na viwanja vya maombi, na fingo, yaani kago lililozikwa ardhini kuulinda mji. Mwaka 2008 UNESCO iliitia misitu hii katika urithi wa dunia. Mwaka 2009 mila zenyewe za kaya zikaingizwa katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kwangu mimi orodha hii ya pili ndiyo nzito zaidi, kwa sababu inakwambia kwamba miti inaweza kusimama hali wazee wanaojua kuiombea wanapungua.

Kwa anayekwenda mara ya kwanza, Kaya Kinondo ya Wadigo, kusini ya Diani, ndiyo njia nyepesi. Wenyeji walianza kupokea wageni kwa utaratibu wao tangu mwaka 2001, wana waongozaji, na unaweza kufika kutoka Mombasa kwa kuvuka Likoni na kupitia Ukunda. Makaya mengine hayana mlango wa namna hiyo. Kaya Fungo ya Wagiriama, kwa mfano, si mahali pa kufika na kuulizia tikiti. Hapo ndipo Mekatilili wa Menza, kiongozi wa kike wa Wagiriama, na wazee walipowalisha watu kiapo mwaka 1913 wasiwape Waingereza vijana wao wala kodi, na mwaka 1914 serikali ya kikoloni ikailipua kaya hiyo kwa baruti. Soma habari hiyo kabla ya kwenda. Utaelewa kwa nini mzee anakutazama kwa muda kabla ya kukujibu.

Idhini huombwa kwa wazee wa kaya, nao hawapendi kushtukizwa. Tuma mtu wa hapo kijijini akutangulie siku kadhaa kabla. Usimwokote kijana ufukweni akakuahidi kwamba atakupitisha. Ukifika, toa shikamoo, kaa unapoonyeshwa, eleza umetoka wapi na umefuata nini, kisha nyamaza usikilize. Ulizia mapema gharama na kama kuna sadaka inayotakiwa, ili jambo la fedha lisije kuzungumzwa katikati ya msitu. Mwenye nia ya kufanya utafiti ana njia ndefu zaidi: Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani tangu mwaka 1992, na kibali cha serikali hakiondoi haja ya kibali cha wazee.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wasomaji wengi huliogopa kulisema: imani yako mwenyewe. Mkristo au Mwislamu hujiuliza kama kuingia kaya ni kushiriki ibada isiyo yake. Jibu lipatie nyumbani, kabla ya safari. Mgeni wa kawaida hatakiwi kuomba wala kutambika. Anatakiwa kutii masharti ya mahali. Anayeombwa humo ni Mulungu, na wahenga hutajwa kwa heshima. Wadigo walio wengi ni Waislamu, na mzee anayekuongoza huenda ametoka kuswali muda mfupi uliopita, wala haoni kwamba amejigawa. Ikiwa dhamiri yako bado inakataa, baki nje, zungumza na wazee chini ya mti, na utapata mengi. Kibaya ni kuingia huku unanong'ona kwamba haya ni mambo ya kishetani. Na neno uchawi lisikutoke kabisa, hata kwa mzaha. Huko Kilifi wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine mvi zao tu ndizo zilizowaponza.

Mavazi hayana makuu. Kinondo utafungwa kaniki nyeusi kiunoni, kwa hiyo vaa nguo ya heshima inayokubali kufungiwa kitambaa juu yake, na kofia uwe tayari kuivua. Viatu viwe vya kufunika mguu. Mvua za masika hufanya njia ziteleze na mbu wazidi, basi ukiweza epuka Aprili na Mei, na ujikinge na malaria wakati wowote. Wapenzi wasikumbatiane wala kubusiana humo ndani.

Usichukue kitu. Si jani, si ukuni, si jiwe zuri uliloliona njiani. Msitu umedumu kwa sababu ya katazo hilo, na mbega unaowaona juu ya miti wanaishi kwa katazo hilohilo.

Kamera nayo iulizie, mahali kwa mahali, kwa kuwa ruhusa ya kupiga mti mkubwa si ruhusa ya kupiga kaburi. Hofu ya wenyeji ina chanzo. Wagiriama huwasimamishia wafu wao wa gohu, chama cha wazee wenye hadhi, nguzo za mbao zilizochongwa, vigango, kwa kawaida nyumbani kwa marehemu na si ndani ya kaya. Vigango vingi viliibwa vikauzwa Marekani kama mapambo. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudi kwa familia yao mwaka 2007, kwa kuwa mwanaanthropolojia Monica Udvardy alikuwa amevipiga picha vikiwa bado vimesimama, akaja kukitambua kimoja katika picha za makumbusho ya Illinois. Picha, basi, inaweza kumsaidia mwenyewe, na inaweza pia kumwonyesha mwizi njia. Ukiruhusiwa kupiga kigango, usitangaze mahali kilipo. Ukiuziwa kimoja, hata ukiambiwa ni cha zamani na mwenyewe ameridhia, kikatae.

Mwisho, weka siku ya akiba katika safari yako. Kukiwa na msiba au tambiko, wageni huambiwa warudi kesho, na kesho yenyewe inaweza kusogea. Ukizuiwa upande wa Rabai, nenda kwenye kanisa la zamani la wamisionari Krapf na Rebmann, ambalo sasa ni makumbusho, kisha urudi kuwauliza wazee siku inayofuata.