Somo: Kibano cha zamani cha klarineti, kukitambua na kukifunga

Wanabendi, kijana wetu mmoja hapa Tabora kafungua sanduku la klarineti la marehemu babu yake, akatoa kipete cheusi, akaniuliza akitupe wapi. Nilikaribia kumzaba kibao! Hicho ndicho kibano, kinachoshikilia ridi, kile kijiti chembamba kinachotetemeka ukipuliza, kwenye mdomo wa klarineti, pale unapopulizia. Wapo wanaokitafuta kuliko klarineti yenyewe, pamoja na mpingo wake wote.

1. Usikisugue. Changu cha kwanza nilikipiga majivu na ndimu kama sufuria. Weusi ukatoka, fedha ikatoka nayo, shaba ikachungulia pembeni njano tii. Kitambaa laini kinatosha.

2. Kigeuze, tazama tumboni. Utamu wote uko hapa. Cha kawaida kinaikumbatia ridi kwa bati, skrubu mbili zikiwa chini, upande wa ridi. Cha Bonade, chenye jina la Daniel Bonade aliyepiga klarineti katika okestra ya Philadelphia, mara nyingi skrubu ziko juu, na ndani kina vijireli viwili vya kwenda na urefu wa ridi. Ridi inalala juu ya hivyo viwili tu, katikati iko huru kutetemeka. Harrison, kibano kingine cha zamani, nacho kinaigusa ridi kwa ncha chache mno. Ndiyo siri yao: kushika bila kukaba. Msikilizaji wa benchi la nyuma huenda asisikie tofauti, ila mpulizaji anaihisi ulimini, noti inaitika upesi.

3. Kivalishe kwanza, ndipo uteremshe ridi kutoka juu. Ukianza na ridi utaivunja ncha. Vichwa vya skrubu vielekee kulia kwako, na kibano kikae kati ya mistari iliyochongwa kwenye mdomo, kama ipo.

4. Skrubu ya chini, iliyo mbali na ncha ya ridi, ikaze kiasi, ya juu iguse tu. Ukiona vidole vinauma, umezidisha.

MASWALI

Dada wa Ujiji: Shikamoo mwalimu. Skrubu ya changu inakwama, niitie mafuta ya cherehani?
— Marahaba dada. Mafuta yatafika kwenye ridi. Chukua nta ya nyuki kidogo, kama punje ya mtama, paka kwenye nyuzi za skrubu. Sisi Tabora nta haijatupiga chenga.

Kijana wa Urambo: Nimepata Harrison, muuzaji anasema ni kizima. Nikague nini?
— Pembe zake. Bati lake ni jembamba, huchoka na kukatika. Kishike kwenye mwanga wa dirisha, uzungushe polepole. Mstari mwembamba kama unywele ni ufa. Ukiuona, mrudishie. Pia kuna Rico H, kilichoigwa kutoka Harrison: kizuri kupigia, lakini usilipe bei ya babu kwa mjukuu.

Mzee wa kwaya, Kigoma: Mimi changu kimepotea, nafunga ridi kwa uzi. Vijana wananicheka.
— Shikamoo mzee. Waache wacheke. Kabla ya vibano vya chuma wote walifunga uzi, na Ujerumani wapo wanaofunga hivyo hadi leo. Anzia juu, zungusha kushuka, kila mzunguko ulale kando ya mwenzake bila kupanda. Ila uzi wa nailoni wa nyavu unateleza, tafuta wa pamba.