Feri, Posta, Oysterbay, Kariakoo: jinsi ya kupiga picha za mji na sanaa yake kwa siku moja

Mwongozo huu ni wa Dar es Salaam, kwa anayetaka kuweka kumbukumbu ya maisha ya watu na sanaa iliyo wazi mtaani. Kanuni yangu ni moja: sanaa ipigwe ikiwa na watu wake. Picha ya sanamu peke yake kila mtalii anayo.

Hatua ya 1: Ruhusa, siku moja kabla

Soko lina uongozi wake, mtaa una mwenyekiti wake. Nenda ujieleze, na uulize asubuhi utaonana na nani. Vifaa viwe vichache: kamera moja, lenzi ya milimita 35, betri mbili, kadi mbili, kitambaa cha pamba. Lenzi ndefu iache nyumbani. Kumvizia mtu kutoka ng'ambo ya barabara ni tabia ya kipelelezi, na watu wa soko wanaijua.

Hatua ya 2: Saa 12 asubuhi, soko la samaki Feri

Ukifika, kamera ibaki begani kwanza. Salimia. "Shikamoo mzee, nimekuja kupiga picha za mnada, naomba ridhaa yako." Akikuitikia "marahaba" halafu akaendelea na kazi yake, bado hajakubali, subiri akugeukie. Kunywa chai kwa mama lishe. Hapo ndipo utajua dalali yupi anapenda kuonekana na mteja yupi hataki kabisa.

Mnada ukipamba moto, tazama mikono. Dalali anamshika changu kwa matundu ya mashavu, anamgeuza wanunuzi waone jicho, magamba yamemgandia hadi kwenye viwiko. Mikono hiyo haitulii, kwa hiyo kasi ya shata, pazia la kamera linaloruhusu mwanga, isishuke chini ya 1/250 ya sekunde. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipandishe hadi 1600 au 3200, chengachenga zitakazotokea kwenye picha zisikutie hofu. Chini ya turubai la bluu kila uso unakuwa wa bluu: piga kwa faili la RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, rangi utarekebisha nyumbani. Mtu akisimama na bahari nyuma yake, kamera itadanganywa na weupe wa maji na kumtia giza usoni. Pima mwanga kwenye shavu lake, maji yaungue, yawe meupe tupu, kama yanataka kuungua.

Kivuko na Ikulu viko jirani. Lenzi yako isielekee huko.

Hatua ya 3: Kabla ya saa 3, Sanamu ya Askari

Huku kwetu jua hupanda upesi, na likishafika utosini shaba ya sanamu inakuwa kivuli kitupu. Wahi Posta, makutano ya barabara za Samora na Azikiwe, mapema, simama jua likiwa mgongoni mwako, uongeze mwanga kwa stopu moja, yaani mara mbili. Sanamu hii ilizinduliwa 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya gavana Mjerumani, Hermann von Wissmann. Wapita njia wengi wanaijua kama kituo cha kukutania tu, na hiyo nayo ni habari: mpiga kiwi, muuza magazeti, mtu anayesubiri mtu. Waweke mbele, askari awe nyuma yao.

Kisha sogea kwenye maandishi ya chini. Yanasomeka vizuri jua likiyapiga ubavuni. Utaona hayawakumbuki askari peke yao. Wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza nao wametajwa. Piga maneno hayo kwa karibu, utayahitaji jioni.

Hatua ya 4: Mchana, kwa wachoraji wa Tingatinga

Jua kali la mchana lipishe, ingia ndani. Edward Saidi Tingatinga, aliyeupa mtindo huu wa uchoraji jina lake na kufariki 1972, alianza kuchora hapa Oysterbay mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kung'aa za kupaka baiskeli. Mng'ao huo ndio adui yako: simama pembeni kidogo mwa mchoro, usitumie flashi. Usipige mchoro mzima ukiwa umenyooka mbele yake, maana hapo unatengeneza nakala, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mchoraji. Piga brashi, kopo la rangi, kidole kinachofuta ukingo. Ukinunua kimchoro, utakaa kwa raha zaidi.

Hatua ya 5: Saa 10 jioni, Kariakoo

Jina la Kariakoo limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, Carrier Corps, ambao kambi yao ilikuwa hapa. Kwa hiyo tafuta wabeba mizigo wa leo: kuli mwenye robota kichwani, msukuma mkokoteni anayepiga mluzi apishwe. Omba ridhaa, naye akisema anataka kitu kidogo, kubalianeni kabla ya picha. Ukifika nyumbani, weka picha yake kando ya ile ya maandishi ya Posta. Ukiona bango la kinyozi lililochorwa kwa mkono, lipige pia, kinyozi akiwa mlangoni.

Hatua ya 6: Usiku uleule

Nakili kadi kwenye diski mbili kabla ya kula. Halafu andika maelezo ya kila picha utakayoibakiza: jina kama mwenyewe alivyolitamka, kazi yake, mahali, tarehe, na kama amekubali kuonekana mtandaoni au la. "Mchuuzi, Dar" si maelezo.

Zilizokupendeza zichapishe uwapelekee wenyewe. Za Feri zipeleke baada ya mnada kwisha. Kabla ya hapo hakuna mwenye mkono mkavu wa kupokea picha.