Balozi wa wanafunzi Uingereza: jumlisha saa kabla ya kukubali zamu
Mwanafunzi wa shahada aliye Uingereza kwa viza ya masomo, anayelipwa na chuo kama balozi wa wanafunzi, yaani kuwatembeza wageni au kuwaongoza wanafunzi wapya, azingatie kwamba kikomo cha saa 20 kwa wiki wakati wa muhula hujumlisha kazi zake zote, hata ile ya dukani, na kwamba wiki huhesabiwa kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Saa zilizobaki wiki hii hazihamishiwi wiki ijayo. Kwa kuwa siku za kupokea wageni mara nyingi huwa Jumamosi, ni busara (na wengi husahau) kutenga saa hizo mapema, kabla zamu za katikati ya wiki hazijazimaliza. Aulize pia iwapo mafunzo ya awali yanalipwa.